Gurudumu la Kisasa katika Gari la Kale: Mambo ya Kupima Kabla ya Kufunga

Ndugu wasomaji wetu wa maeneo ya mipakani, somo la toleo hili linahusu kazi ambayo wengi huiona kuwa ya fundi na mwenye gari peke yao, nayo ni kuvua matairi na rimu za zamani katika gari la kale na kulifunga za kisasa. Tunaileta mbele yenu kwa sababu gari likishaingia barabarani haliwi tena la mwenyewe pekee. Gurudumu likichomoka au tairi likipasuka, anayeumia huenda akawa mwanafunzi anayetembea kando ya njia, mwendesha bodaboda, au mama aliyepanga nyanya zake ukingoni mwa lami.

Tumechagua Kyebando, upande wa kaskazini wa jiji la Kampala, kuwa mahali pa mfano wetu. Mtaa huo umepitiwa na barabara ya mchepuko ya kaskazini, yenye urefu wa kilomita 21, iliyofunguliwa mwaka 2009. Barabara hiyo huanzia upande wa Bweyogerere, mashariki, na kuishia Busega, magharibi. Gari litokalo Malaba au Busia kuelekea Mutukula au Katuna laweza kupita hapo bila kuingia katikati ya jiji. Kwa hiyo gari likifungwa vibaya Kyebando, madhara yake yaweza kuonekana mpakani, na likifungwa vibaya mpakani, yaweza kuonekana Kyebando.

Kwa nini magari ya kale bado yapo

Kuna wanaouliza kwa nini mtu asiliache gari lililotengenezwa kabla hajazaliwa. Majibu ni mengi. Wengine wamerithi gari la baba na hawako tayari kuliona likiozea uani. Wengine wanalitumia katika harusi na sherehe. Wengine, hasa wenye Land Rover za zamani na Peugeot 504, bado wanazipa kazi ya kila siku ya kubeba watu na mazao. Aidha, tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka 15 tangu kutengenezwa. Mwenye gari la kale anajua kwamba si rahisi kuagiza jingine la namna hiyo, ndiyo maana analitengeneza alilo nalo.

Tena magari haya ni sehemu ya historia yetu ya pamoja. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakavuka mipaka ileile tunayoilinda leo. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, ya kwanza ikiwa mwaka 1973 kwa gari aina ya Datsun 240Z. Magari ya zama hizo yalitembea juu ya matairi yenye ukuta mrefu kuliko yale ya madoido ya leo. Ukuta ule mrefu ulisaidia springi, kwani ulipokea pigo la shimo au jiwe kabla halijafika kwenye rimu. Anayetaka kuondoa tairi la namna hiyo na kuweka lenye ukuta mfupi kwa ajili ya kupendeza, na ajue kwamba anaondoa pia kinga ya gari lake katika barabara za murramu.

Tofauti kati ya tairi la kale na la kisasa

Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalitoka kiwandani na matairi ambayo nyuzi zake za ndani hupishana kimshazari. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili hataza ya tairi la namna nyingine, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha mkanda wa chuma ukazunguka chini ya kashata. Hilo ndilo tairi la rediali, na ndilo linalouzwa karibu katika kila duka la matairi siku hizi.

Tairi la rediali hushika barabara vizuri zaidi, halipati joto haraka, na hudumu muda mrefu. Kwa hiyo hatumkatazi mwenye gari la kale kulitumia. Tunalosema ni kwamba tairi jipya halilifanyi gari la kale kuwa jipya. Rimu, bolti, beringi, breki na mikono ya usukani hubaki vilevile, na kila kimoja kina kiwango kilichopangiwa na mtengenezaji. Tairi na rimu vinapaswa kukubaliana na vifaa hivyo vyote, si kukubaliana na jicho la mwenye gari tu.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kutochanganya. Katika ekseli moja haifai kamwe kuwa na tairi la rediali upande mmoja na la nyuzi za mshazari upande mwingine, kwa kuwa gari litavuta upande wakati wa kufunga breki. Kufunga rediali mbele na kuacha za kale nyuma ni hatari vilevile, maana mbele itashika barabara huku nyuma ikiteleza, na gari laweza kugeuka katika kona. Aliyepata fedha za matairi mawili tu, ni heri asubiri hadi atimize manne, pamoja na la akiba la aina hiyohiyo.

Vipimo vitano

Ili somo lieleweke, tuchukue mfano wa mzee wa Kyebando mwenye Volkswagen Beetle ya mwaka 1964. Gari hilo lilitoka kiwandani na matairi yenye alama 5.60-15, na tairi la rediali linalochukua nafasi yake ni 165 R15. Tuseme mzee huyu ameoneshwa rimu za aluminiamu na matairi mapana yaliyotoka katika gari la karibuni, kwa bei ya kuvutia. Kabla hajatoa fedha, apime mambo matano.

La kwanza ni kipenyo cha gurudumu zima. Tairi la 165 R15 lina kipenyo cha karibu milimita 650. Tairi lenye alama 195/65 R15 hupimwa hivi: upana ni milimita 195, ukuta ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127, kuta mbili, ya juu na ya chini, ni kama milimita 253, ongeza inchi 15 za rimu, ambazo ni milimita 381, na jumla ni karibu milimita 634. Tofauti haizidi asilimia 3, nayo inavumilika. Lakini tairi la 215/75 R15 hufikia milimita 703. Akilifunga hilo, spidomita ikionesha kilomita 80 kwa saa, gari litakuwa linakwenda zaidi ya 86. Dereva ataapa mbele ya askari kwamba hakuvunja sheria, naye atakuwa anasema kweli kwa kadiri ya spidomita yake, lakini mwendo utakuwa umezidi.

La pili ni upana wa rimu. Tumeona kwamba tairi la 195/65 R15 linakubalika kwa kipenyo. Hata hivyo, linahitaji rimu yenye upana usiopungua inchi 5.5, ilhali rimu ya asili ya Beetle ni ya inchi 4 hivi. Tairi pana likibanwa katika rimu nyembamba hujikunja mgongo, likakanyaga barabara kwa sehemu ya katikati pekee, na kuta zake zikayumba katika kona. Kipimo kimoja kikikubali na kingine kikikataa, jibu ni kukataa.

La tatu ni matundu ya bolti. Beetle ya mwaka 1964 ina bolti tano zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 205. Land Rover za kale zina tano pia, lakini katika duara la milimita 165.1. Magari mengi ya Toyota ya siku hizi yana matundu matano katika duara la milimita 114.3, au manne katika duara la milimita 100. Ni dhahiri kwamba rimu ya gari moja haiingii katika jingine kwa kubahatisha. Hapa ndipo tunapoonya kwa nguvu zote dhidi ya kutoboa matundu mapya katika rimu, kuyapanua ya zamani kwa tupa, au kulehemu mahali palipochanika. Chuma kilichotobolewa karibu na tundu jingine hupoteza nguvu mahali hasa panapobeba uzito wote.

La nne ni kina cha rimu, yaani umbali kutoka katikati ya upana wake hadi uso unaogusana na habu. Katika rimu nyingi za kisasa kipimo hiki kimeandikwa kwa milimita baada ya herufi ET. Rimu ikitoka nje kuliko ilivyopangwa, uzito wa gari huning'inia mbali na beringi, usukani huwa mzito, na tairi huanza kukwaruza madigadi. Ikiingia ndani mno, tairi hugusa mikono ya usukani au bomba la breki. Vipande vya kuongezea kati ya habu na rimu havitibu kosa la kipimo. Mara nyingi hulihamishia kosa hilo kwenye beringi na bolti.

La tano ni uwezo wa kubeba mzigo. Pembeni mwa tairi kuna namba inayofuatwa na herufi, kwa mfano 82S au 91H. Namba 82 maana yake ni kilo 475 kwa tairi moja, na 91 ni kilo 615. Herufi S inaruhusu mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa, na H kilomita 210. Katika barabara zetu mwendo huo haufikiwi, lakini mzigo hufikiwa na kuzidishwa. Ikiwa ekseli ya nyuma ya gari fulani imeruhusiwa kubeba kilo 1,000, kila tairi litachukua kilo 500, na tairi la namba 82 halitoshi, hata likiwa jipya linalong'aa. Wafanyabiashara wanaopakia magunia sokoni na kuongeza abiria juu ya magunia wasome namba hiyo kabla ya safari.

Umri, tyubu na bolti

Mbali na vipimo hivyo, yapo mambo matatu ambayo hupuuzwa.

Tairi laweza kuwa na kashata nzima na bado likawa limekufa kwa uzee. Tafuteni pembeni mwake herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Tarakimu 2319, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa na tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kwa safari. Gari la sherehe, linalotoka mara chache kwa mwaka, ndilo linaloponzwa zaidi na jambo hili, kwa kuwa matairi yake huzeeka kabla ya kuisha. Tairi lililozidi miaka sita likaguliwe kila mwaka, na lililofikia kumi liondolewe. Tairi la akiba nalo lina umri wake. Kuhusu kashata, angalieni vijinundu vilivyomo ndani ya mifereji. Kashata ikishuka hadi usawa wa vijinundu hivyo, imebaki milimita 1.6, na hapo tairi limekwisha hadhi ya kuwa barabarani. Tairi kipara wakati wa mvua huelea juu ya maji.

Kisha kuna suala la tyubu. Rimu nyingi za kale hazina nundu ya ndani inayozuia ukingo wa tairi kuteleza upepo unapopungua. Rimu kama hizo zinahitaji tyubu, nayo iwe ya kipimo sahihi na iliyotengenezwa kwa ajili ya tairi la rediali. Tairi pia liwe linaloruhusu tyubu, kwa kuwa baadhi yana mikwaruzo ya ndani inayoila tyubu polepole hadi ipasuke. Rimu isafishwe kutu na ikaguliwe kuzunguka matundu kabla ya kupakwa rangi, maana rangi huficha nyufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika rimu, ufa hauzibwi, rimu yenyewe huondolewa.

Mwisho ni bolti na nati. Rimu za asili za Beetle hupokea bolti yenye kichwa cha mviringo kama nusu mpira, ilhali rimu nyingi za aluminiamu zinazouzwa madukani hupokea kichwa chenye umbo la koni. Koni ikikazwa katika shimo la mviringo hugusa kwa mstari mwembamba tu, na baada ya kilomita chache hulegea. Urefu wa bolti nao ni muhimu, kwa kuwa rimu za aluminiamu mara nyingi ni nene. Bolti yenye unene wa milimita 12 na hatua ya uzi ya milimita 1.5 inapaswa kuingia mizunguko isiyopungua minane. Ikiingia mitatu au minne, haijashika.

Bolti zikazwe kwa kupishana, upande huu kisha upande wa pili, gari likiwa limeshushwa kutoka kwenye jeki kwa ukazaji wa mwisho. Kisha zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Aliyefungiwa Kyebando na anarudi Malaba, asimame Jinja akakaze. Anayekwenda Mutukula, asimame Lukaya. Ni kazi ya dakika kumi.

Jaribio kabla ya safari

Fundi akimaliza, msiondoke bado. Pakieni gari uzito litakaobeba kwa kawaida, kisha zungusheni usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Sikilizeni kama kuna mkwaruzo. Jazeni upepo kwa kufuata kijitabu cha gari kinachohusu tairi la rediali. Katika Beetle, ambayo injini yake iko nyuma, matairi ya nyuma hupewa upepo mwingi kuliko ya mbele. Pimeni asubuhi, matairi yakiwa baridi. Baada ya hapo endesheni polepole mahali pa wazi na kujaribu breki. Rediali hushika sana, na breki dhaifu au mikono ya usukani iliyolegea, ambayo haikuonekana mwanzo, sasa hujitokeza.

Askari anatazama nini

Wapo wanaodhani kwamba askari wa trafiki akiinama kutazama gurudumu anatafuta kisingizio. Tunapenda mfahamu anachotafuta: kashata zilizokwisha, nyufa za ukuta wa tairi, bolti zilizopungua, tairi linalotokeza nje ya madigadi, na mzigo uliozidi. Sasa nanyi mnajua mambo hayo, na mnaweza kuyakagua kabla yake. Dereva ana haki ya kuelezwa kwa heshima kosa analodaiwa kufanya, na faini hulipwa benki kwa stakabadhi, haipokelewi mkononi. Askari akienda kinyume, mripotini kituoni.

Tuna maombi mengine mawili. Mnaponunua rimu au matairi yaliyotumika, dai stakabadhi yenye jina na simu ya muuzaji, na andikeni namba zilizochongwa humo. Magurudumu yaliyoibwa upande mmoja wa mpaka hupata mnunuzi kwa urahisi upande wa pili iwapo hakuna anayeuliza yalikotoka. Kabla ya kuvuka, hakikisheni pia kwamba mna bima inayotambulika nchi mnayokwenda, kama vile Kadi ya Njano ya COMESA, na kwamba kampuni ya bima imearifiwa kuhusu mabadiliko ya magurudumu. Kunyamaza kunaweza kuleta mabishano siku ambayo majeruhi anahitaji fidia.

Maswali ya kujadiliwa katika mikutano ya vijiji na vyama vya madereva

1. Katika kijiji chetu, ni magari gani ya kale yanayobeba watu siku za soko, na ni nani amesoma namba ya mzigo katika matairi yake?

2. Fundi wetu ana kipimo cha upepo kilicho sahihi na spana ya kukazia kwa kiwango? Kama hana, je, chama chaweza kununua kimoja cha kutumiwa na wote?

3. Abiria akiona tairi kipara kabla ya safari, amwambie nani, na sisi wengine tutamuunga mkono vipi ili asiambiwe ashuke peke yake?

Swali hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Askari hawezi kuwapo katika kila stendi, na fundi hasafiri na gari alilolifunga. Abiria yupo, tena anaona. Akisema, na wenzake wakasimama naye, dereva atabadili tairi. Penye hatari ya papo hapo pigeni 999 bila malipo. Kwa ushauri wa kawaida, fikeni kituo cha polisi kilicho karibu nanyi, muulize afisa wa uhusiano na jamii, tutawapokea.